Mnatuambia twende kwenye kina, nani atatufundisha kuogelea?

Mhariri,

Ile taarifa yenu ya mwani mwanangu amenisomea mara mbili, maana mara ya kwanza nilidhani amekosea. Mliandika kwamba mabadiliko ya tabianchi yameharibu mashamba ya mwani pwani ya mashariki ya Unguja, na hilo ni kweli tupu. Kisha mkamalizia kwamba dawa ipo, ila sisi wanawake ni wagumu kubadilika, hatutaki kuhamishia mashamba kwenye maji marefu. Hapo ndipo nilipomwambia achukue kalamu. Nimelima mwani tangu sijaolewa na sijawahi kuandika gazetini, lakini hilo la ugumu silimezi.

Kilimo hiki kilianza Paje na Jambiani mwaka 1989, kwa mbegu kutoka Ufilipino, na sisi wa vijiji vingine tukafuata. Tulilima aina mbili, spinosamu na kotonii. Kotonii ndio uliokuwa na bei. Mnene, una nyama, mnunuzi anaupigania. Miaka ya 2000 ukaanza kutuharibikia. Bamvua hili, zile siku maji yanapopwa na kujaa kupita kawaida, unauacha umeshiba, bamvua linalofuata unaukuta matawi yamepauka, meupe kama miiba ya samaki, ukiushika unakatikia mkononi. Wapo waliosema ni hasadi, wakasomesha dua. Leo tunajua ni joto. Kotonii unataka maji ya nyuzi 25 hadi 30. Yakizidi unadhoofika, na bakteria wanaumaliza. Wanasayansi wamepima upande wa magharibi wa Bahari ya Hindi wakakuta kwamba hata miezi ya Juni hadi Septemba, miezi ya kusi ambayo sisi tunaihesabu kuwa ya baridi, joto la maji ya juu lilipanda kwa nyuzi 1.2 kati ya 1901 na 2012. Na hiyo ni bahari kubwa. Sisi tunalima ndani ya mwamba, ambako siku za bamvua maji hupwa kuelekea saa nne, saa tano asubuhi, yakabaki ya magotini, jua likayapika mpaka tunarudi miguu inawaka.

Sasa niulize, tulikaa tu? Kotonii tuliuacha tukabaki na spinosamu ambao bei yake ni ndogo. Miezi ya kaskazi tukapunguza kupanda. Vigingi tukavisogeza nje mwaka hadi mwaka, kutoka maji ya magotini hadi ya kiunoni, kutoka kiunoni hadi kifuani. Kama huko si kubadilika, sijui mnataka tubadilike nini tena.

Hiyo habari ya maji marefu siipingi. Kule maji ni baridi zaidi, mwani unaning'inia kwenye kamba zenye maboya au unatiwa ndani ya nyavu ndefu za mfano wa bomba. Dkt. Flower Msuya, mtafiti wa mwani ambaye sisi wakulima tunamjua kwa miaka mingi, amezijaribu nyavu hizo pamoja na wanawake na kotonii ukaota. Kwa hiyo elimu ipo na siidharau. Lakini takriban wanane katika kila wakulima kumi wa mwani ni wanawake, na wengi wetu tumezaliwa hatua mia kutoka baharini na hatujui kuogelea. Wavulana walijifunza wakirukia kwenye ngalawa za baba zao. Sisi tuliitwa nyumbani.

Wifi yangu alikubali kwenda. Mwaka juzi, mwisho wa kaskazi, alitoka na wenzake watatu kwa kidau cha kuazima kwenda kukagua kamba walizofungiwa na mradi. Amejifunga kanga mbili juu ya gauni, kama tunavyokwenda siku zote. Alipoinama ubavuni mwa chombo kuivuta kamba, wimbi likaja la pembeni, akaingia majini. Wale watatu hakuna aliyejua kuogelea hata mmoja. Walichoweza ni kupiga kelele na kumnyooshea upondo. Kamba ikamzunguka mguu. Kanga zikajaa maji zikamvuta chini, ile ya juu ikafunguka ikabaki inaelea peke yake, na shoga yake anasema ndiyo aliyoiona, kanga, mtu hayupo. Aliyemtoa ni kijana mvuvi wa pweza aliyekuwa karibu na miwani yake ya kuzamia. Nilipofika ufukweni wamemlaza mchangani, anatapika maji ya chumvi, na mkononi bado ameshika fundo la mwani, vidole vimekakamaa, tukavifungua kimoja kimoja. Tangu siku hiyo hajatia mguu baharini. Anakaa nyumbani anasuka makuti, na usiku wa kusi, mwamba ukinguruma, anafunga dirisha. Huyo ndiye mwanamke mliyemwandika kuwa ni mgumu, Mhariri. Alikwenda mlikomwambia aende.

Baada ya hapo tuliitwa semina ya kuhimili mabadiliko ya tabianchi, kwenye ukumbi wenye viyoyozi, mjini. Tulipewa mkoba, kalamu na chakula ndani ya boksi. Nikasimama nikauliza, nani atatufundisha kuogelea? Watu wakacheka. Mtoa mada akaandika neno "changamoto" kwenye karatasi kubwa ukutani, akapiga mstari chini yake, akafungua ukurasa mwingine. Sikuulizia mzaha. Nilikuwa nimetoka kumpeleka wifi yangu hospitali kwa kifua wiki ile ile.

Na maadamu nimeshika nafasi hii, niseme na la njia. Zamani kutoka nyumbani kwangu hadi pwani ilikuwa dakika tano. Sasa pamejengwa hoteli, ukuta umetoka barabarani mpaka mchangani, na njia iliyobaki inazunguka mbali. Gunia la mwani mbichi linachuruzika maji mgongoni, na ukishalianika linabaki kilo chache tu kavu. Mlinzi anatuambia tusianike mbele ya wageni kwa sababu ya harufu. Nao ukuta wao ukipigwa na mawimbi yanarudi kwa nguvu, mchanga wa upande wetu unaliwa, minazi miwili ya marehemu baba mkwe imeshalala. Kila mtu anaizungumza bahari inayopanda, lakini mtu akijenga juu ya mstari wa maji hapaulizwi neno.

Ninachotaka ni hiki. Kabla mradi wowote haujafunga kamba kwenye kina, wanawake wa kijiji hicho wafundishwe kuogelea kwanza. Wafundishwe na wanawake wenzao, si vijana wa kiume. Iwe wakati wa maleleji, bahari imelala, na iwe siku za maji mafu, yasipopwa sana wala kujaa sana, kwa sababu siku za bamvua tuko shambani na hatuwezi kuacha. Nguo ziwe za kustiri lakini nyepesi, zisizonywa maji kama kanga. Imamu aombwe aseme neno Ijumaa, waume zetu wasikie kutoka kwake kwamba mwanamke kujua kuogelea si aibu. Kila wanawake kumi wapewe kidau chao wenyewe, si cha kuazima, na ndani yake jaketi okozi kumi, si manne ya kupokezana. Pesa zikipungua, basi zipunguzwe kwenye ukumbi na mikoba. Asiyejua kuogelea asipelekwe nje ya mwamba, hata akikubali mwenyewe, kwa sababu mwenye njaa anakubali kila kitu.

Na mwandishi wenu aje. Asije alasiri maji yamejaa akapiga picha ya bahari ya buluu. Aje siku mbili baada ya mwezi mpevu, saa tatu asubuhi awe ameshafika, tuingie pamoja mpaka kwenye kigingi cha mwisho. Viatu vya kukanyagia miamba nitamwazima. Tukifika hapo, maji yakiwa kifuani, aniulize tena kwa nini sisogei mbele.

Mkulima wa mwani,
Pwani ya Mashariki, Unguja