Mheshimiwa, kitufe cha kulipia leseni hakina jina

Kwako Mheshimiwa unayesimamia huduma za mtandaoni,

Salamu nyingi, na hongera kwa tovuti mpya. Naambiwa inapendeza. Mimi ni kipofu, nauza viungo na kahawa hapa Langoni, Lamu, kwa hiyo uzuri wake nimesimuliwa tu.

Jumanne maafisa wa leseni wamenifungisha duka mpaka nilipe. Pesa ninazo. Simu yangu hunisomea skrini kwa sauti, na pesa za simu natuma mwenyewe kila siku. Nikiingia kwenye tovuti yako, inasema: "Kitufe. Kitufe. Kitufe." Kipi cha kulipa, kipi cha kufuta? Nikibahatisha, naletewa vijipicha nichague vyenye pikipiki, eti nithibitishe mimi si roboti. Nikiwa bado napapasa, muda umekwisha, naanza upya. Ile picha kubwa ya juu simu inaiita "picha", basi. Mjukuu wangu ndiye aliyeniambia kuwa ni wewe, unakata utepe.

Ofisini wananijibu niende saiba, kwenye duka la intaneti. Yaani nimpe kijana nisiyemjua nambari ya kitambulisho na nywila yangu, kisha nimwombe Mungu?

Tarehe 3 Desemba, siku yetu watu wenye ulemavu, ulishika maikrofoni ukaapa kwamba hakuna atakayeachwa nyuma. Tukakupigia makofi. Lakini haki hii si wewe uliyetupa. Katiba, ibara ya 54, inataka nifikiwe na habari kama mwenzangu anayeona. Kiwango cha Kenya KS 2952 cha mwaka 2022 kinataka hata vitufe viwe na majina ambayo programu za sauti zinaweza kuyasoma. Mwaka 2025 ikaja Sheria mpya ya Watu Wenye Ulemavu. Nadhani zabuni ilipotolewa hakuna aliyezifungua karatasi hizo, au mkandarasi alijua hamtakagua. Na kukagua kwenyewe ni kuwasha sauti ya simu na kufumba macho, dakika tano!

Siombi kusamehewa ada, wala semina nyingine ya soda na fulana. Naomba kitufe cha kulipa kiandikwe "Lipa", simu ikisome. Hizo pikipiki mtaziondoa baadaye, au mtuwekee njia ya kusikiliza. Lakini kitufe, Mheshimiwa, kiandikwe wiki hii, maana duka limefungwa na mwenye nyumba anadai kodi yake.

Mlipa ada wako (ukiniwezesha kulipa),
Langoni, Lamu