Shukrani kwa mzee wa vipuri, Mwembe Tayari, Mombasa

Mimi hupika mahamri na mbaazi za kuuza. Wiki jana gesi ilianza kuvuja alfajiri, harufu nyumba nzima, watoto nikawatoa nje na shuka zao. Duka la kwanza nililoendea niliambiwa hakuna njia ila kununua regulata, kile kichwa cha kufungulia gesi kwenye mtungi, na mpira wake vipya, shilingi 3,200. Sikuwa nazo.

Nikashuka Mwembe Tayari kwa mzee mmoja mwenye kiduka chembamba cha vipuri vya majiko. Nilimwamkia, akaitikia, na hakuanza na bei. "Mwanangu, ilikuwa ikivuja umewasha au umezima?" Akaipachika regulata yangu kwenye mtungi wake, nje, mbali na watu, akapaka povu la sabuni kwa brashi kuukuu ya meno. Povu likatokota shingoni tu. Akachokoa kwa sindano kijipira cheusi, kidogo kama pete ya mtoto, kimepasuka. Akatia kipya, akapaka povu tena, akaniambia nitazame mwenyewe. Kimya.

Shilingi 50.

Kwa haraka nikamtumia 500 kwa simu. Sijafika hata kwenye matatu, kijana wake ananikimbilia: "Mama, umezidisha!" Nikarudishiwa 450 zangu zote.

Mzee wangu, jina lako sikuuliza, na hilo linanikera. Jioni ile nilipika. Mungu akuzidishie riziki na afya. Na nyinyi wenye majiko, kabla ya kununua regulata mpya, pakeni povu kwanza.