Mwanahamisi wa miaka mitano yuko wapi Tanga hii?

Mhariri, naomba nafasi kwenye gazeti lako, na barua ikiwa ndefu nivumilie maana hili jambo la jina la mjukuu wetu nimekaa nalo wiki kadhaa sasa na nyumbani kila nikilianzisha naambiwa mama yameisha hayo. Hayajaisha.

Mjukuu wetu alizaliwa hapa Tanga siku ya Jumatano saa 2 usiku. Kadi ya kliniki imeandikwa Jumatano. Mama yangu mzazi, ambaye sasa ana miaka 80 na ushei, alipopelekewa habari chumbani kwake huku Ngamiani hakuuliza uzito, hakuuliza hata kama ni wa kike au wa kiume, aliuliza jua lilikuwa limeshazama? Tukamwambia limezama kitambo mama, hata isha ilishaadhiniwa. Akasema basi huyo wa Alhamisi, na alipoambiwa ni wa kike akapiga kigelegele peke yake pale kitandani, somo yangu kaja, yaani mwenye jina kama lake. Vijana wengi hawajui hili kwahiyo nalieleza, kwa hesabu ya wazee wetu wa pwani siku inaingia magharibi, jua likizama tu ni siku nyingine, ndo maana mpaka leo mtu anasema usiku wa Ijumaa na yuko bado Alhamisi jioni. Sasa mtoto wa kike aliyezaliwa Alhamisi ni Mwanahamisi na wa Ijumaa ni Mwanajuma, wa kiume ni Hamisi na Juma, wa sikukuu ni Idi au Mwanaidi, na wengine wakapewa miezi, Rajabu, Shabani, Ramadhani. Mama yangu ni Mwanahamisi. Kwa hiyo kwake yeye huyu mtoto hakuhitaji kutafutiwa jina, kaja nalo.

Siku ya saba mtoto akanyolewa. Mama ndo alimpakata, kakalishwa kwenye mkeka miguu kainyoosha, kanga mbili chini ya kichwa cha mtoto, na nywele zikawa zinadondokea kwenye kitambaa cheupe ili zipimwe itolewe sadaka ya uzito wake kwa fedha. Nywele nyingi, nyeusi, laini kama manyoya ya kifaranga. Ilipofika kutaja jina mkwe wangu akatoa simu akasoma, Nayla, na maana yake akasoma. Mama akalirudia polepole mara 2 kama anayeonja chumvi, akasema zuri, Mungu amkuze. Halafu akainama kwenye sikio la mtoto akamwita, somo. Tangu siku ile hajamwita lingine. Nayla halijamtoka tena mdomoni.

Mkwe wangu ni mtoto mzuri na simsemi vibaya gazetini, tunapendana na tunasikilizana. Nilipomuuliza taratibu kwa nini tusimpe la bibi yake alinijibu kwa heshima, mama, Mwanahamisi ni jina la kizamani, akienda shule watamcheka. Na kweli watamcheka, siwezi kumbishia. Angalia vichekesho vyetu, dada wa kazi anaitwa nani? Mwajuma. Mwanamke wa ugomvi bombani anaitwa nani? Chausiku. Tajiri mwenye gari na miwani hajaitwa Mwantumu hata siku moja. Tumeyafanya majina ya mama zetu kuwa majina ya kuchekea alafu tunashangaa watoto wanayakataa. Na wenzetu Wakristo ni hivyo hivyo, Yohana na Petro wa zamani sasa watoto wao ni akina Brayan na Ethan.

Na mimi nina deni langu hapa, nalisema wazi. Mwaka 1993 nilipojifungua binti yangu wa kwanza mama alikaa kimya akisubiri nitamke jina lake, nikatamka jingine, la kisasa kwa wakati ule. Hakuniuliza. Ila nakumbuka alinyanyuka akaenda kufua nguo ambazo zilikuwa zimeshafuliwa.

Sasa swali ninalotaka tulijadili, majina ya kizamani yanarudi au hayarudi? Mi nasema yanarudi, na nina sababu. Jina halizeeki lenyewe, linazeeka na watu wake. Darasani kwetu Mwanajuma walikuwa wengi mpaka mwalimu akawa anawaita kwa barabara, Mwanajuma wa Barabara ya 9, Mwanajuma wa Barabara ya 15, Mwanajuma wa Makorora. Kukiwa na Mwanajuma kila nyumba basi wote wanazaa pamoja na wanazeeka pamoja, na mtoto anayekua anajua kwamba Mwanajuma ni mtu wa kutafuna tambuu, hajawahi kuona mwingine. Hapo jina limechoka. Lakini wakishapungua kabisa akabaki mmoja mtaani, au wa kusimuliwa tu, lile jina linaanza kusikika jipya tena. Na haya mapya nayo yako njia hiyo hiyo, nilimpeleka mtoto wa jirani chekechea nikakuta akina Nayla wapo 3 kwenye chumba kimoja, ticha anaita Nayla mrefu, Nayla wa shati la njano. Miaka 50 ijayo Nayla ndo litakuwa jina la bibi.

Nchi zinazoweka hesabu ya majina zinaliona hili wazi. Marekani takwimu zao za serikali zinaanzia mwaka 1880, na mwaka huo Emma lilikuwa la 3 kwa watoto wa kike. Baadae likashuka, likashuka, kufika miaka ya 1970 Emma ni jina la bibi kizee. Mwaka 2008 likawa la kwanza nchi nzima, likarudi tena juu kuanzia 2014 mpaka 2018. Zaidi ya karne nzima limetembea likarudi nyumbani. Na sio kwao tu, panda hapo Usambaa, ukiwahesabu watawala wa ukoo wa Kikilindi, machifu wa Wasambaa waliokaa Vugha, unakuta Kimweri, unamkuta Kinyashi, alafu mbele huko unamkuta tena Kimweri na tena Kinyashi, wajukuu na vitukuu wanachukua majina ya waliopita. Na huko Marekani weusi wenzetu wamekuwa wakichukua majina ya Kiswahili tangu miaka ya 1960, Imani na Nia yamo kwenye misingi 7 ya Kwanzaa, sikukuu yao iliyoanzishwa 1966, watu ambao hawajawahi kufika Tanga wanawaita watoto wao maneno ya bibi zetu na sisi wenyewe tunayaona ya kishamba.

Lakini hapa ndo pananiuma. Emma lilikaa kwenye madaftari miaka yote ile likisubiri, mtu akitaka analifungua analikuta. Majina yetu hayakuwekwa hivyo. Yamewekwa kwa somo. Mtoto anapewa jina la bibi aliye hai, bibi anamwita somo yangu, anamkatia kipande cha kanga yake, anamfundisha kusuka ukili na kupika, na mtoto anakua anajua yeye ni mtu wa mtu. Hata yule mama wa mtoto kama anaona haya kumtamka mkwe kwa jina atamwita mwanawe bibi, njoo bibi, umekula bibi, na mtoto ana miaka 2. Uzi huo ukikatika kizazi kimoja unaungika. Mimi nimeukata 1993. Ukikatika na cha pili, nani atabaki wa kusema somo?

Watu wananiambia si mnaita tu nyumbani, cheti kiwe Nayla na nyumbani Mwanahamisi. Nimeliona hilo kwa majirani wengi na halitoshi. Jina la nyumbani linakufa na wanaoliita. Mama akifumba macho leo, ni nani nyumba hii atamwita yule mtoto somo? Na fomu zetu hazina huruma, kuna la kwanza, la kati ni la baba, la mwisho ni la ukoo, hakuna kijichumba cha kumuweka bibi. Jina la bibi likiingia liwe la kwanza au lisiwepo kabisa. Kwa hiyo ninachosema ni kwamba liandikwe kwenye cheti, la kwanza, na hilo Nayla ndo liwe la nyumbani. Shuleni watamcheka mwezi mmoja watachoka.

Sisemi yote yarudi, hapana. Yapo yaliyobeba mateso. Siti binti Saad alizaliwa akapewa jina Mtumwa, na Tanganyika utumwa ulikuja kufutwa kisheria 1922 tu, Kijakazi na Mtumwa tuwaache wapumzike. Lipo lingine sijui nilifanyeje, shangazi yake mama aliitwa Sikitu. Walimtangulia watoto 3 wote wakafa wachanga, huyu wa 4 wakamwita si kitu ili kifo kimpite kisimtamani. Kilimpita kweli, kazeeka mpaka kazika wajukuu. Leo kuna kliniki na chanjo na hakuna haja ya kumdharau mtoto ili aishi, jina kazi yake imekwisha, lakini nikilisikia nasikia mama mmoja aliyekuwa anaogopa sana, na hilo nalo sipendi lipotee bure. Ila Alhamisi haijaisha kazi. Kila wiki ipo.

Mtoto anatakiwa kuandikishwa ndani ya siku 90. Leo ana siku 52, zimebaki 38. Fomu iko juu ya kabati imejazwa kote, jina la baba, la babu, tarehe, ila pale pa kwanza pako wazi, mwanangu kasema atafuata watakachokubaliana wanawake. Mkwe wangu hajakataa tena. Juzi aliniuliza jambo moja, mama, hivi kuna mtoto mdogo hapa Tanga anaitwa Mwanahamisi, hata mmoja, asijekuwa wangu peke yake? Nilizunguka kuuliza Makorora, Mabawa, Duga mpaka Chumbageni, nikawapata 6, mdogo kuliko wote ana miaka 41.

Basi Mhariri hilo ndo ombi langu kwa wasomaji wako. Mwenye Mwanahamisi, au Mwanaidi, au Mwantumu aliye chini ya miaka 10, awe Tanga, Pangani, Muheza, hata Bagamoyo huko, aandike mistari miwili hapa gazetini kabla siku zetu hazijaisha. Nitamsomea mkwe wangu, na mama yangu nitamsomea kwa sauti maana macho yake hayaoni tena maandishi.

Bibi wa mtoto mmoja,
Ngamiani, Tanga