Bastola ya kwanza ya mashindano: chagua mchezo kabla ya bastola

Swali tunaloulizwa kuliko yote, kwa simu na kwa WhatsApp, ni fupi: "Kocha, ninunue ipi?" Anayeuliza kwa kawaida amekuwa akipiga bastola ya risasi ndogo ya .22 kwa muda, mkono umeanza kutulia, na sasa anataka bastola ya 9 mm ili aingie mashindanoni. Mara nyingi huwa tayari ana jina la bastola aliyoiona kwenye video. Sisi humrudishia swali: unataka kucheza mchezo gani? Akishajibu hilo, nusu ya bastola zilizoko dukani zinajiondoa zenyewe.

Tuseme mapema kwamba hatuuzi silaha. Tunafundisha ulengaji na kumsaidia mteja kupima bastola kabla hajatoa pesa, kwa hiyo hatupati chochote ukichagua hii au ile.

Kwanza, kinachobadilika ukitoka kwenye .22. Risasi ya .22 ina fataki, yaani kiwashio cha baruti, ndani ya ukingo wa kitako cha ganda, na pini hugonga ukingoni. Risasi ya 9 mm, .38 au .45 ina fataki yake katikati ya kitako, kwenye kikombe kidogo kinachojitegemea. Ganda la namna hiyo huwa gumu zaidi na huhimili shinikizo kubwa zaidi la baruti. Kwa mpigaji maana yake ni mambo matatu: mlio mkubwa, teke la kweli, na gharama kubwa kwa kila risasi. Kama bado unafumba macho au kujikunyata kabla ya mlio wa .22, 9 mm haitakuponya. Tunakushauri ubaki kwenye .22 kidogo. Wengine hawapendi kusikia hivyo, lakini tutasema tu.

Sasa michezo yenyewe. Hapa Kenya, atakayenunua bastola ya 9 mm kwa mashindano anaelekea kwenye IDPA (International Defensive Pistol Association) au IPSC (International Practical Shooting Confederation), vyama viwili vya kimataifa vya ulengaji. IPSC ilianzishwa mwaka 1976 kule Columbia, Missouri, na IDPA ikafuata mwaka 1996. Zote mbili ni michezo ya kukimbizana na saa: unatoa bastola kwenye ala, unasogea, unapiga shabaha kadhaa kutoka sehemu tofauti, na usahihi wako unachanganywa na muda wako. Kwenye IDPA kila pointi unayopoteza kwenye shabaha huongeza sekunde moja kwenye muda wako. Ukitaka kuona kwa macho kabla ya kuamua, nenda ukatazame siku ya mashindano pale uwanja wa Kirigiti, Kiambu. Utajifunza mengi kwa kutazama bastola zilizo viunoni mwa watu kuliko kwa kusoma matangazo ya viwanda.

Upo pia mchezo wa kusimama wima na kupiga kwa mkono mmoja kutoka mita 25, chini ya sheria za ISSF, shirikisho la kimataifa la michezo ya ulengaji: risasi 30 za taratibu na 30 za haraka, kwa kaliba (kipenyo cha risasi) kati ya 7.62 mm na 9.65 mm. Haumo kwenye Olimpiki, ambako bastola za mita 25 ni za .22, ila Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Delhi mwaka 2010 ilikuwa nao. Wanaoucheza kwa dhati hutumia bastola maalumu za .32, kama Pardini HP, zenye mpini wa mbao uliochongwa kufuata kiganja. Ni bastola tamu sana, lakini kwenye IDPA haitakufaa kitu. Kama moyo wako uko huko, tuambie mapema, maana ushauri wote unaofuata hapa haukuhusu.

Tatizo tunalokutana nalo zaidi ni la mteja aliyekwisha kununua. Alipata kibali cha kujilinda, akachukua bastola ndogo ya kufichika chini ya shati, na sasa anataka kuingia nayo mashindanoni. Bastola hiyo ni nzuri kwa kazi iliyoundiwa. Uwanjani inamtesa. Chukua Glock 43: bila risasi ni kama nusu kilo tu, magazini yake ni ya risasi sita, na kutoka kilengeo cha nyuma hadi cha mbele ni kama sentimita 13. Glock 17 ina risasi 17, na umbali huo ni kama sentimita 16 na nusu. Tofauti ya sentimita tatu na nusu inaonekana haina maana mpaka upige hesabu. Kilengeo cha mbele kikipotoka kwa nusu milimita tu, kwenye shabaha ya mita 25 ile ndogo itakupeleka pembeni karibu sentimita 9 na nusu, na ile kubwa sentimita 7 na nusu. Na bado hatujataja teke. Wepesi ule unaokufurahisha ukiwa umeivaa mchana kutwa ndio unaoifanya iruke mkononi, nawe unachelewa kuirudisha kwenye shabaha kwa risasi ya pili. Mwanafunzi mwenye bastola ya aina hiyo hulaumu mkono wake kwa miezi, kumbe mkono hauna kosa.

Kwa hiyo kwa IDPA na IPSC ushauri wetu wa jumla hauna mbwembwe: bastola ya ukubwa kamili, 9 mm, ya kawaida kama ilivyotoka kiwandani, yenye mtutu wa inchi nne na nusu hadi tano hivi.

Kwa nini 9 mm na si .40 au .45? Wapo wanaoamini kwamba risasi kubwa ndiyo ya wanaume. Kwenye Production, kundi la IPSC la bastola za kawaida za kiwandani ambako wengi huanzia, kila mtu huhesabiwa pointi kwa kiwango kidogo cha nguvu, hata aje na nini. Nguvu hiyo hupatikana kwa kuzidisha uzito wa kichwa cha risasi kwa greni (kipimo kidogo cha uzito) na kasi yake kwa futi kwa sekunde, kisha kugawa kwa 1,000. Kiwango cha chini ni 125. Risasi ya 9 mm ya greni 124 inayokwenda futi 1,050 inakupa 130, umeshapita. Cha juu ya hapo kinakuongezea teke, pointi hazipandi. Halafu 9 mm ndiyo kaliba ya bastola iliyoenea zaidi. Hata kiwanda cha risasi cha hapa Kenya, kule Eldoret, hutengeneza 9×19, yaani hiyohiyo 9 mm. Ukikwama bila risasi wiki ya mashindano utakumbuka aya hii.

Mkono ndio tunaoutumia muda mrefu zaidi katika kipimo. Bastola ikiwa tupu, tumeikagua sisi na umeikagua wewe, tunakushikisha juu kabisa ya mpini mpaka mtutu ulale kwenye mstari mmoja na mfupa wa mkono wako. Bila kubadilisha mshiko, peleka kidole kwenye kifyatulio. Kinatakiwa kigusane na nyama ya pingili ya kwanza. Ukilazimika kuizungusha bastola kiganjani ili ufikie, mpini ni mnene kwako, na utapiga pembeni kila utakapoharakisha. Kidole kikipitiliza mpaka kwenye kiungo, ni mwembamba. Bastola nyingi za siku hizi huja na migongo ya mpini ya kubadilisha; Glock walianza hivyo na kizazi cha nne mwaka 2010. Wateja wetu wenye viganja vidogo, na wengi wao ni akina mama, tunawaomba wasikubali kuambiwa dukani kwamba watazoea. Kiatu kinachobana hakizoeleki kwa kukimbia nacho. Anayetumia mkono wa kushoto naye aangalie kama kitufe cha kutoa magazini kinahamishika upande wa pili.

Kisha kifyatulio, na hapa ndipo watu hugawanyika. Bastola za plastiki ngumu zisizo na nyundo ya nje, kama Glock au Walther PDP, zina uzito uleule wa kuvuta kutoka risasi ya kwanza hadi ya mwisho. Kifyatulio chake si laini sana, lakini hakikushangazi. Upande wa pili kuna familia ya CZ 75, bastola iliyobuniwa na ndugu wawili wa Kicheki, Josef na František Koucký. Mjukuu wake, CZ Shadow 2, ametamba kwenye viwanja vya IPSC tangu 2016. Ni chuma kitupu, kama kilo 1.3 bila risasi, na teke lake ni kama halipo. Lakini kwenye Production unaanza nyundo ikiwa chini: risasi ya kwanza ni mvuto mrefu na mzito, ya pili mfupi na mwepesi. Anayeanza hutupa ile ya kwanza chini ya shabaha, kisha hupiga ya pili kabla hajawa tayari.

Tukilazimishwa kuchagua, anayefanya mazoezi mara moja kwa wiki au pungufu tungempa ya plastiki. Anayeelekea IPSC na mwenye muda wa kuvuta kifyatulio nyumbani kila jioni, bastola ikiwa tupu na risasi zikiwa chumba kingine kabisa, anunue Shadow 2 na hatajuta. Mmoja wa makocha wetu hakubaliani na hili hata kidogo. Yeye husema chuma kwa kila mtu, na mabishano hayo huisha chai ikiisha.

Usiguse kifyatulio kwa fundi mwaka wa kwanza. Makundi ya kawaida yana kanuni kuhusu uzito wa kifyatulio na vipuri vinavyoruhusiwa, na kazi ya bei ghali inaweza kukuhamishia kundi la wazee wa mchezo kabla ya wakati wako.

Vilengeo vyenye nukta nyekundu vina makundi yao kwenye michezo yote miwili. Kijana mwenye macho mazima aanze na vilengeo vya chuma. Lakini kama umeanza kunyoosha mkono ili usome ujumbe kwenye simu, kilengeo cha mbele kitakuwa ukungu mtupu, na hakuna mafunzo yatakayorekebisha hilo. Anza na nukta, wala usione haya.

Bajeti. Watu hupanga pesa ya bastola, wakasahau vingine. Mzunguko mrefu wa IPSC unaweza kufikia risasi 32, nawe kwenye Production unaanza na risasi 15 kwenye magazini. Tatu ndizo za lazima, na ya nne huokoa siku inapoanguka moja mchangani. Kuna ala imara isiyolegea, mkanda mgumu, mifuko ya magazini, miwani ya kinga na kinga ya masikio. Na risasi, ambazo ndizo zitakazokufundisha. Afadhali bastola ya bei ya kati na risasi za kutosha za mazoezi kuliko bastola ya bingwa inayolala kwenye sefu.

Kuhusu karatasi: chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, huwezi kumiliki bastola wala risasi bila cheti, na cheti hicho hutaja silaha yenyewe na kiasi cha risasi unachoruhusiwa. Kwa hiyo uamuzi wa kaliba si wa kubadilisha kila ukipenda. Usilipe amana ya bastola yoyote kabla Bodi ya Leseni za Silaha haijakukubalia, hata muuzaji akuambie ni ya mwisho dukani.

Katika kipimo chetu unaanza na saa moja bila risasi: mshiko, kidole, jicho lipi linatawala, na mwelekeo wa mtutu. Hilo la mtutu hatulegezi, kwa sababu mashindanoni ukiupitisha nje ya nyuzi 90 kutoka mwelekeo wa shabaha unaondolewa siku hiyo, na ukiwa na rafiki pembeni madhara si ya pointi. Baadaye unapiga bastola tatu au nne tofauti kutoka mita 7 na mita 15, chini ya msimamizi wa uwanja, na karatasi za shabaha unakwenda nazo nyumbani uzilinganishe bila sisi kukusimamia kichwani.

Njoo na viatu vilivyofunikwa na fulana yenye kola inayokaa shingoni, kwani maganda ya moto hupenda kuingia kifuani. Unapoandika kuomba nafasi, tutajie mkono unaotumia, kama unavaa miwani na ya aina gani, na mchezo unaoufikiria, ili tukutayarishie bastola zinazokufaa.