Taarifa ya mwenyekiti: mwaka tuliotoka kwenye projekta tukaingia klinirumu

Wanachama wenzangu, wakubwa shikamooni, wadogo zangu mambo. Najua wengi mnasoma hii mkiwa shifti so nitajitahidi nisizunguke, ila kwenye mafunzo mniwie radhi nitakaa kidogo maana hela yenu nyingi imeenda huko.

Miaka yote tumefundishana aseptiki, yaani kujaza dawa za sindano bila kuingiza vijidudu, kwa projekta. Mtu anakaa kwenye kiti, anakula sambusa, anaangalia picha ya mtu aliyevaa gauni, jioni anapewa cheti. Mimi mwenyewe vyeti vya hivyo ninavyo droo nzima. Kamati ikasema basi, tukaomba klinirumu, yaani chumba safi chenye hewa iliyochujwa, ya chuo kimoja chenye lamina flo (meza inayopuliza hewa safi kuelekea upande mmoja) inayofanya kazi, tukaingia watu sita sita, siku tatu kila kundi, slaidi hakuna hata moja.

Siku ya kwanza ni kuvaa tu. Kofia, barakoa, ovaroli ambayo hata ncha ya mguu haitakiwi iguse sakafu, glavu juu ya mkono wa ovaroli, halafu unabonyeza vidole 5 vya kila mkono kwenye pleti ya agari, ile jeli ya kuoteshea vijidudu, na pleti zinaenda inkubeta, kabati lenye joto la kuviotesha. Majibu yalivyorudi pleti yangu ya mkono wa kulia ina koloni mbili, yaani madoa mawili ya vijidudu vilivyoota. Mwenyekiti wenu! Gredi A, daraja la usafi la juu kabisa, inataka sifuri, so nimefeli, na nikijirudisha nyuma nakumbuka kabisa niliisukuma miwani juu kwa kidole baada ya kuvaa glavu, yaani bila hata kujijua. Kuna waliotoka wasafi kunizidi kumbe walipiga spiriti kwenye glavu sekunde chache kabla ya kubonyeza, sasa hiyo spiriti si inaingia kwenye agari na kuzuia vijidudu visiote? Wote walirudia, na mimi nikiwemo.

Siku ya pili ilinifungua macho zaidi. Hewa safi inashuka kutoka kwenye hepa filta, lile chujio la hewa, ukipitisha mkono juu ya kichupa kilicho wazi ile hewa inaosha mkono wako kwanza ndo inaingia kwenye dawa. Kwa maneno tumeambiana hivi mara mia, lakini mwalimu alipopuliza moshi tukauona unavyogonga mkono wa mtu, unajikunja, unazama kwenye kichupa, chumba kizima kikanyamaza. Na haraka zetu zile za kukimbizana na oda ndo zinavuruga hewa kabisa.

Siku ya tatu ni media fili, jaribio la kujaza, unajaza supu ya TSB, chakula cha vijidudu, badala ya dawa, vichupa vinakaa inkubeta siku 14, vikibaki na rangi yao ya chai ya rangi iliyochujwa umepona. Hapa tulichelewa kwa sababu msambazaji mmoja alituletea supu nje ya muda na bila majibu ya kuonyesha kwamba inaotesha vijidudu kweli, ikabidi tuipime wenyewe, maana supu isiyootesha itakupa sifuri hata ukipiga chafya ndani yake. Yetu ilikuwa ya mazoezi tu, kiwandani ni maelfu ya vichupa, mara 3 mfululizo kabla laini ya kujazia haijaruhusiwa na kurudia kila miezi 6, na Annex 1 ya Ulaya, mwongozo wa kutengeneza dawa steraili, iliyoanza kutumika Agosti 25, 2023 inalenga sifuri, ile hesabu ya kizamani ya kichupa kimoja kichafu kwenye elfu isahauni.

Kichupa chetu kimoja kiligeuka kama maji ya mchele. Kabla hatujaanza kutafutana mwenzetu mmoja akanyoosha mkono akasema kizibo kilidondoka, akakiokota akakirudisha. Kamati haikumwandikia onyo na najua wengine mmelalamika, ila mimi nasimama na uamuzi ule. Kizibo kilichodondoka nitakisamehe, kilichofichwa hapana. Mnakumbuka 2012 kule Framingham, Massachusetts, sindano za steroidi ziliingia fangasi, watu zaidi ya 700 wakaugua na zaidi ya 60 wakafa. Dawa yetu haipiti tumboni jamani, inaingia moja kwa moja mwilini.

Mengine kwa kifupi. Hesabu mhazini ataziweka mezani siku ya mkutano na risiti zote. Ada, wenye madeni mnajijua, siwataji, ila glavu steraili hazinunuliwi kwa ahadi. Katibu anapumzika kwa hiari yake, asante sana dada, kiti kiko wazi.

Kundi la kwanza la mwaka ujao bado nafasi mbili, nipigieni. Njooni na kucha fupi, bila poda wala wanja, pete muache nyumbani, na ukiwa na mafua sema mapema tukuhamishie kundi lingine. Mimi nitakuwepo, nabonyeza vidole upya.