Jioni za upelelezi maktabani: vitabu vikongwe visiguswe

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuseme na vijana, walimu na wakutubi wa Arusha na Moshi wanaofikiria kuandaa jioni ya upelelezi ndani ya maktaba kongwe. Washiriki wanaambiwa kuna mtu ameuawa, wanakutanishwa na washukiwa sita, kisha wanafuata vidokezo mpaka muuaji ajulikane. Mchezo huu tunaupenda sana. Ombi letu ni kwamba fumbo lijengwe kwa namba, kadi na mihuri ya maktaba, na vitabu vyenyewe viachwe rafuni.

Kosa linaloumiza ni kuficha kidokezo katikati ya kurasa. Washiriki 24 wakishajua kwamba jibu limo kitabuni, kila kitabu kitavutwa, tena vibaya: mtu hutia kidole juu ya mgongo na kuvuta, na jalada lililozeeka huchanika papo hapo. Namna sahihi ni kuvisukuma ndani kidogo vitabu vya pande zote mbili, kukishika unachokitaka katikati ya mgongo, ndipo ukitoe. Nani atakumbuka hayo huku akishindana na saa? Halafu kitabu kikirudishwa rafu isiyo yake, kwa mkutubi kimepotea.

Tangazeni basi mlangoni kwamba hakuna kidokezo ndani ya kitabu chochote. Mahali pake wekeni kadi ngumu za rangi, zenye upana wa sentimita 10 na urefu wa 30, zisimame kati ya vitabu zikichungulia nje. Msitumie selotepu. Gundi yake hugeuka njano na ikibanduliwa huondoka na karatasi.

Kadi hizo zitafutwe kwa namba za Dewey, mfumo wa kupanga vitabu vya maktaba kwa mada. Mauaji yako 364.1523, sumu 615.9, fasihi ya Kiswahili 896.392. Kipande cha karatasi chenye namba tatu tu, kilichokutwa mfukoni mwa marehemu, kinatosha kuwafanya watu wasome rafu kama wakutubi.

Utamu zaidi uko kwenye karatasi ya tarehe, ile inayobandikwa ndani ya jalada na kupigwa muhuri. Tengenezeni ya kuigiza. Mkiamua kwamba katika hadithi yenu kitabu huazimwa kwa siku 14, muhuri wa kurudisha tarehe 21 Machi unasema kilichukuliwa tarehe 7. Mshukiwa aliyeapa kwamba tarehe 7 alikuwa Same, na saini yake ipo kwenye kadi ya kuazima, ana la kueleza. Ushahidi wa namna hii mtu anaupiga hesabu mwenyewe, na akiugundua utamwona akiruka.

Kila jambo ambalo washiriki lazima walijue lipewe vidokezo vitatu mahali patatu. Watakikosa cha kwanza, watakisoma vibaya cha pili, cha tatu kitawaokoa. Tena kila kidokezo kiwe na nakala kwa kila kundi. Makundi sita ya watu wanne, nakala sita, zote zenye namba. Karatasi iliyo moja tu ikiingia mfukoni mwa mtu, mchezo umekufa.

Kwa waigizaji, kanuni ni hii: muuaji peke yake ndiye anayeruhusiwa kusema uongo. Wengine wanaweza kukataa kujibu. Mwigizaji akiulizwa asilopewa, aseme hakumbuki, asitunge. Jibu moja la kubuni kuhusu saa au mahali huvunja jedwali lote la nani alikuwa wapi, na makundi humkamata asiyehusika kwa hoja zilizo sahihi kabisa. Mtajua kama jedwali limekaa sawa mkilijaribu kwanza na watu wanne ambao hawajaliona.

Hadithi iwe ya hapa. Kiswahili kina wapelelezi wake tangu Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, aliyefika kwa wasomaji mwaka 1960, hivyo hatuhitaji kuazima kasri la Uingereza. Kwa mfano, karani wa ghala la kahawa amekutwa amekufa siku moja kabla ya mnada wa Moshi. Washukiwa ni mwonjaji, dereva wa lori, mweka hazina wa chama cha msingi na wengine watatu. Risiti ya mizani isiyolingana na daftari ni kidokezo ambacho kila mtu Kilimanjaro atakielewa. Lakini msichukue mauaji yaliyotokea kweli, wala ya kishirikina, wala ya watu wenye ualbino. Mji wa Arusha ulikuwa na Mahakama ya Kimataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda hadi 2015, na wapo miongoni mwetu waliofiwa kweli.

Washiriki wafike saa 11:30 jioni ili waione milango ya dharura kabla ya giza. Saa 12:00 maelezo kwa dakika 15, vipindi vinne vya dakika 20, dakika 10 za kuandika shutuma, 15 za kufichua. Saa 2:00 usiku mmemaliza na daladala bado zipo. Epukeni miezi ya masika, maana mvua juu ya bati humeza sauti ya mwigizaji.

Katika Cluedo, mchezo wa ubaoni uliotoka Uingereza mwaka 1949, maktaba ni kimoja cha vyumba tisa na kinara cha mshumaa ni silaha. Kwenu mshumaa wa moto usiingie kabisa, ziwe taa za betri, ambazo zitawafaa pia umeme ukikatika. Sambusa na juisi ya rosela vibaki barazani na watu wanawe mikono, kwani doa la mafuta kwenye karatasi halitoki na makombo huita mende. Kama kutakuwa na ukelele, mwenyekiti wa mtaa na kituo cha polisi wajulishwe mapema.

Na kabla ya kufunga mlango, watu wawili wawili wapite kila rafu, mmoja akisoma namba kutoka kushoto kwenda kulia, mwingine akirekebisha palepale.

Waandaaji wa michezo ya upelelezi,
Moshi