Saa inayojipiga kwa gololi

Seoul, Jumapili usiku

Fundi wangu,

Salamu nyingi kutoka kwenye baridi. Mimi mzima. Nakuandikia kwa sababu ya saa. Jumamosi iliyopita nimeona moja ambayo ungefunga kibanda chako hapo Tanga wiki nzima ili uitazame.

Inaitwa Jagyeongnu, yaani saa ya maji inayojipiga yenyewe. Ilianza kazi mwaka 1434, enzi za Mfalme Sejong wa Korea, katika kasri la Gyeongbokgung. Aliyeiunda ni Jang Yeong-sil, mtu aliyezaliwa katika tabaka la watumwa wa serikali. Niliyoiona mimi imeundwa upya na Profesa Nam Moon-hyun na wenzake. Iliwekwa mwaka 2007 katika jumba la makumbusho lililo ndani ya uwanja wa kasri hilohilo.

Sasa sikiliza. Maji yanashuka chombo hadi chombo, mwisho yanaingia kwenye mtungi mrefu mwembamba kama bomba. Ndani kuna boya lenye ufito. Maji yakijaa, ufito unapanda. Mimi na wewe tungesema basi ufito uvute nyundo. Wapi! Boya halina ubavu huo. Jang akaliachia kazi ndogo kabisa: kusukuma kishikio. Kishikio kikifyatuka, gololi ndogo ya shaba inadondoka, inabiringika mferejini, inakwenda kuachia gololi ya chuma iliyo sawa na yai la kuku. Hiyo ndiyo yenye uzito. Inaporomoka, inakandamiza wenzo, na sanamu la mti linagonga kengele. Chini anachomoza mwenzake ameshika kibao cha jina la saa, maana saa zao zilikuwa na majina ya wanyama: panya, ng'ombe, chuimilia, mpaka zitimie kumi na mbili. Ngoma ni ya zamu za usiku, upatu ni wa vipande vya zamu. Zamu ni tano toka jua kuzama hadi kucha, na kila moja ina vipande vitano. Usiku wa huku hurefuka na kufupika kwa majira, kwa hiyo fito zilibadilishwa.

Nilisimama mbele yake nikisubiri. Mlio wa gololi ile kubwa ikishuka unausikia kabla ya kengele, grrr, kama mtu anaburuta kiti ghorofani.

Juzi nikajaribu bafuni: ndoo, tundu la msumari, na chupa chini. Mwanzo chupa ilijaa upesi, halafu kadiri ndoo ilivyopungua, maji yakawa yanalegea. Saa yangu ilikuwa mvivu wa jioni! Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini wao walipanga vyombo kwa ngazi: cha juu kinakilisha cha chini kisipungue, na mchuruziko unabaki uleule.

Waliounda upya walianzia kwenye maelezo yaliyoandikwa katika kumbukumbu za utawala wa Sejong. Walikuwa pia na vyombo vya shaba vilivyobaki kutoka saa iliyotengenezwa upya mwaka 1536, mitungi miwili ikiwa na urefu wa karibu mita 2 na madragoni ubavuni. Ila vyombo ni tumbo tu. Utumbo, yaani vishikio vya gololi, ilibidi wautoe kwenye maandishi. Halafu mwaka 2021, wachimbaji wa mambo ya kale hapa mjini, mtaa wa Insadong, wakafukua herufi za metali za kuchapia zaidi ya 1,600, na pamoja nazo vipande vya shaba vyenye matundu na vifyatulio vya gololi. Fikiria umeshamaliza kumtengenezea mteja kifaa kwa kukisia, miaka 14 baadaye mtu analeta cha asili!

Jang mwenyewe alifukuzwa kazi mwaka 1442, kisa machela ya mfalme aliyoisimamia ilivunjika. Kufika 1455 ile sehemu ya kujipiga ikasimamishwa. Wewe unajua saa inavyokuwa fundi wake akiondoka.

Ukipata gololi za beringi za lori, zile kubwa, niwekee. Nakuja Desemba. Ndoo nitanunua hukohuko.

Swahibu yako